Poda Ifuate Uso, Uso Usiifuate Poda

Katika ukurasa wa nyumbani twazoea kuzungumza habari za jiko, za watoto na za mavazi. Leo zamu ni ya uso. Tena si uso wa kila mtu, bali ule unaong'aa mafuta kabla jua halijapanda, ule ambao mwenyewe huufuta kwa ncha ya kanga, na baada ya nusu saa unang'aa tena.

Msiseme kwamba jambo hili ni la mjini tu. Mavuno yakiisha, arusi huanza vijijini, na siku hizi ni wachache mabibi arusi wanaokwenda kanisani bila kupakwa kitu usoni. Wasimamizi wao nao hupakwa, na mashangazi kila mmoja ana kijaluba chake cha poda mkobani. Lakini wengi hukinunua kwa kubahatisha. Dukani palikuwa na aina moja tu, au muuzaji alisema ni nzuri, au shoga alikuwa nayo. Basi fedha ya kuku watatu imekwenda, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na shingo imebaki na rangi yake. Mpiga picha hangoji, na picha zile zitakaa ukutani miaka 40.

Hasara ya fedha na ya picha si kubwa kuliko zote. Iko nyingine ya kuogopwa zaidi, maana vikopo vingine vinavyouzwa sokoni vina sumu ndani yake. Kwa hiyo yafaa tulieleze jambo hili pole pole toka mwanzo, ili binti aendapo dukani ajue anachotafuta, na mama ampaye fedha ajue imekwenda wapi. Neno letu ni moja tu, nalo ni hili: poda ifuate uso wako ulivyo, wala uso wako usilazimishwe kuifuata poda.

MAFUTA YA USO SI UCHAFU

Kwanza tuondoe fikira moja isiyo ya kweli. Watu wengi hudhani kwamba mwenye uso wa mafuta haogi vizuri. Sivyo. Ndani ya ngozi ya mwanadamu mna vifuko vidogo sana vinavyotengeneza mafuta. Viko karibu mwili mzima, isipokuwa katika viganja vya mikono na nyayo za miguu. Usoni ni vingi, hasa katika paji, puani na kidevuni. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na mashavu makavu na pua inayong'aa kama kikaango.

Kazi ya mafuta hayo ni njema. Huifanya ngozi iwe laini na huizuia isikauke na kupasuka. Mtoto anapobalehe, mwili wake huamrisha vifuko hivyo vifanye kazi zaidi, na hapo ndipo chunusi huanza. Wengine wamerithi ngozi ya namna hiyo kwa baba au mama. Jua kali na joto la jikoni huongeza. Mwanamke akishavuka umri wa kuzaa, mara nyingi mafuta hupungua yenyewe.

Basi, binti wa miaka 17 mwenye uso unaong'aa si mchafu wala si mgonjwa. Asichekwe. Na yeye mwenyewe asiupige vita uso wake, maana wengi huanza hapo kujiharibu. Husugua uso kwa sabuni ya mche ya kufulia mara tano kwa siku. Wengine hupaka maji ya limau kisha hutoka juani, au hupaka spiriti. Sabuni kali huichubua ngozi. Limau likikutana na jua laweza kuiunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi mingi. Na mafuta hayaishi, kwa sababu vile vifuko viko ndani, wala sabuni haifiki huko.

Lifaalo ni jepesi. Nawa uso mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, na tena ukitoka shambani na jasho. Tumia sabuni isiyo kali na maji ya baridi au ya uvuguvugu. Futa kwa kitambaa safi kwa kugusa-gusa, usisugue. Kisha paka losheni nyepesi kidogo. Ndiyo, hata mwenye ngozi ya mafuta huhitaji losheni, ila iwe nyepesi. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi yafaa miguuni na mikononi. Ukiyapaka usoni kisha ukaweka poda juu yake, poda itateleza kama mtu katika matope, na mafuta ya nazi huweza kuziba vitundu vya ngozi na kuongeza chunusi.

FAUNDESHENI NI NINI, NA ILITOKA WAPI

Kujipamba uso si mambo ya kigeni kwetu. Akina mama wa pwani tangu kale walijua liwa, na bibi arusi wa Unguja husuguliwa singo yenye maua na viungo vya kunukia. Wanja nao ni wa zamani sana. Lakini faundesheni na poda ya rangi ya ngozi vina historia yao, na historia hiyo yafaa kujulikana, maana inaeleza kwa nini wengi wetu hutoka dukani na rangi isiyo yetu.

Faundesheni ni rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima, au mahali penye madoa, ili uso uonekane wa rangi moja. Poda ya kukausha huja juu yake. Kazi yake ni kunyonya mafuta, kuondoa mng'ao, na kuishika faundesheni isisogee.

Alikuwako mtu mmoja, jina lake Max Factor, mzaliwa wa Poland, aliyehamia Marekani mwaka 1904. Huko aliwapaka rangi waigizaji wa sinema. Rangi ya zamani ya waigizaji ilikuwa nzito yenye mafuta mengi. Sinema za rangi zilipokuja, mng'ao wa mafuta yale ulionekana vibaya sana mbele ya taa kali. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 kampuni yake ilitoa kitu kipya kilichoitwa Pan-Cake: poda iliyoshindiliwa kama andazi dogo, ikapakwa kwa sponji yenye maji, ikakauka bila kung'aa. Wanawake wa kawaida wakaipenda, wakainunua kwa wingi. Mnaona basi, taabu ya uso unaong'aa iliwasumbua hata waigizaji wakubwa, na dawa yao ilikuwa kupunguza mafuta katika rangi, wala haikuwa kuchubua ngozi.

Lakini miaka mingi rangi zile zilitengenezwa hasa kwa watu weupe. Mwanamke mweusi alipaka alichokipata. Huko Chicago, bibi Eunice Johnson na mumewe, wenye gazeti la Ebony, waliwaona wasichana wao wa maonyesho ya mavazi wakichanganya rangi mbili tatu ili wapate ya ngozi yao. Mwaka 1973 wakaanzisha vipodozi vyao vya watu weusi, wakaviita Fashion Fair.

Na yuko mwingine wa karibu nasi zaidi. Iman ni binti wa Kisomali. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaonwa njiani na mpiga picha, na baadaye akaenda Marekani kuwa mwonyesha mavazi. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba katika kazi yake ya kwanza huko, mpakaji alimwuliza kama amekuja na faundesheni yake, maana hawakuwa na ya rangi yake. Wakamchanganyia walichokuwa nacho, akatoka na uso wa kijivu. Tangu hapo akawa anajichanganyia rangi mwenyewe, na mwaka 1994 akaanzisha vipodozi vyake. Mwaka 2017 mwimbaji Rihanna, mwenyeji wa Barbados, alitoa faundesheni ya rangi 40 kwa mara moja, toka nyeupe sana mpaka nyeusi sana, na makampuni mengine yakalazimika kuongeza rangi zao.

Kwa hiyo leo rangi yako ipo duniani. Ikikosekana katika duka la karibu, usidhani kwamba kosa ni la uso wako. Ni duka tu halijaileta.

KUCHAGUA RANGI

Sasa tuingie dukani. Jambo la kwanza ni rangi. Wengi huijaribu faundesheni mgongoni mwa mkono. Mkono si uso. Umepigwa na jua la shamba, mara nyingi ni mweusi zaidi. Ijaribu katika taya, pale shavu linapokutana na shingo. Chora mistari mitatu midogo ya rangi tatu zinazokaribiana. Ule mstari unaopotea machoni, huo ndio wako. Usioonekana ndio mzuri, kwa sababu umefanana nawe.

Taa za dukani hudanganya. Toka nje mlangoni ukiwa na kioo kidogo, ujitazame katika mwanga wa mchana. Tena usinunue papo hapo. Ngoja dakika 15. Rangi nyingine zikikutana na mafuta ya ngozi hugeuka, zikawa nyeusi zaidi au nyekundu zaidi. Mwenye ngozi kavu aweza asilione jambo hili, bali wewe mwenye mafuta utaliona. Zunguka sokoni, nunua chumvi yako, kisha urudi kwenye kioo.

Pia ujue kwamba weusi si wa namna moja. Wako weusi wenye wekundu ndani yake, wako wenye umanjano kama asali, na wako weusi tii. Watu wawili wenye weusi uliolingana waweza wasifaliwe na chupa moja. Basi usinunue kwa kufuata chupa ya dada yako.

Hapa tuseme wazi: usichague rangi iliyo nyeupe kuliko wewe. Wako wanaofikiri kwamba uso ukiwa mweupe kidogo utapendeza zaidi. Haupendezi. Unaonekana kama umevaliwa. Jasho likitoka, michirizi hushuka toka paji mpaka kidevu, na kila mtu huona rangi mbili. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Poda isiyofanana nawe ndiyo mkakasi wenyewe.

Jambo la pili ni namna ya faundesheni. Kwa ngozi ya mafuta, tafuta iliyo nyepesi ya maji-maji, au ya poda iliyoshindiliwa. Iache ile nzito kama siagi iliyojaa mafuta. Utaijuaje? Tazama maandishi ya chupa. Vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata wingi wake: kilicho kingi huandikwa kwanza. Kama cha kwanza ni maji, ambayo huandikwa 'aqua' au 'water', hiyo yaelekea kuwa nyepesi. Tena tafuta maneno 'oil-free', maana yake haikutiwa mafuta, na 'non-comedogenic', maana yake imetengenezwa isizibe vitundu vya ngozi. Neno 'matte' maana yake haing'ai. Kama hujui kusoma Kiingereza, yaandike maneno hayo katika kipande cha karatasi uende nacho dukani, ulinganishe herufi kwa herufi. Hakuna aibu katika hilo.

KUCHAGUA PODA YA KUKAUSHA

Poda ni za namna mbili. Iko ya unga mlegevu katika kikopo, na iko ya kushindiliwa katika kijaluba chenye kioo. Ya unga hukausha vizuri na huonekana nyepesi. Yafaa nyumbani unapojiandaa. Ya kijaluba yafaa kuchukuliwa mkobani, maana haimwagiki.

Kinachonyonya mafuta katika poda huwa ni talki, udongo mweupe uitwao kaolini, silika, au wanga uliosafishwa wa mahindi au mchele. Lakini unga wa ugali ubaki jikoni. Haukusagwa kwa ajili ya ngozi, na ukilowa jasho utaganda. Vivyo hivyo poda ya watoto: ni nyeupe, na juu ya uso mweusi huacha utando kama wa mtu aliyetoka kusaga.

Jihadhari na poda iliyoandikwa kwamba haina rangi. Wauzaji husema inafaa watu wote. Koponi ni nyeupe, na nyingine usoni mwa mtu mweusi hubaki nyeupe. Mbaya zaidi, baadhi yake haionekani kwa macho, ila mwanga mkali wa kamera ukipiga, unarudi, na katika picha bibi arusi anaonekana amemwagiwa chokaa chini ya macho. Njia ya kujua ni rahisi. Jipake kidogo, kisha mwambie ndugu yako akupige picha kwa simu yenye taa, jioni mahali penye giza kidogo. Simu itakuambia kweli ambayo shoga anaona haya kukuambia. Kwa usalama, chagua poda iliyo na rangi yako hasa.

Neno moja zaidi juu ya talki. Ni jiwe laini linalochimbwa ardhini na kusagwa, na mara nyingine huko ardhini huwa karibu na jiwe jingine liitwalo asbesto, ambalo ni hatari sana kwa mapafu. Mwaka 2023 kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza duniani kote poda yake ya watoto yenye talki, ikabaki na ya wanga wa mahindi. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Basi, ukiweza, chagua isiyo na talki. Ukiwa na yenye talki, usiipulize wala kuikung'uta hewani, usiitie sehemu za siri, na usiwapake watoto wachanga, maana wakiivuta puani huwadhuru.

JINSI YA KUPAKA

Binti akiwa na vitu vizuri na asijue kuvitumia, amepoteza fedha. Afuate taratibu hii.

Kwanza anawe uso na mikono, apake losheni nyepesi kidogo, angoje dakika chache mpaka ngozi iinywe. Pili achukue faundesheni kiasi cha punje ya harage, si zaidi. Aanze katikati ya uso kwenda nje, kwa kugonga-gonga kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, au kwa ncha za vidole vilivyo safi. Afikishe chini ya taya na kidogo shingoni, ili pasiwe na mpaka. Mahali palipo pazuri pasipo doa, apaache. Si lazima kufunika uso wote.

Tatu angoje kidogo, kisha achukue poda kwa kifuto chake, akung'ute ile iliyozidi, na aikandamize juu ya paji, pua na kidevu. Akandamize, asisugue. Akisugua ataiondoa faundesheni aliyokwisha kuipaka. Mashavuni kama hapana mafuta, poda haihitajiwi nyingi.

Mchana uso ukianza kung'aa, wengi hukimbilia kijaluba na kuongeza poda juu ya mafuta. Hapo ndipo uso huwa na madonge. Kwanza kausha kwa karatasi laini au leso safi, kwa kubonyeza. Mara nyingi hiyo yatosha. Ikibaki haja, ongeza poda kidogo sana.

Na usiku, hata kama umechoka, osha uso wako kabla ya kulala. Rangi ya mchana ikilala usoni pamoja na jasho na vumbi, chunusi zitakuja.

SUMU KATIKA KIKOPO

Sasa tufike katika lile tulilosema ni la kuogopwa. Mwenye chunusi huona haya kwa madoa yake, na wako wauzaji wanaojua haya hiyo. Humwambia: poda peke yake haitoshi, paka kwanza krimu hii chini yake, madoa yataondoka na uso utatakata. Krimu hiyo mara nyingi ni ya kuchubua ngozi, au ni mkorogo uliochanganywa nyuma ya duka, kikopo bila maandishi.

Ndani yake mwaweza kuwamo zebaki. Hiyo ni sumu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Wala haibaki kwa mpakaji peke yake. Mama akimkumbatia mtoto wake, au taulo likatumiwa na wote, yaweza kuwafikia wengine nyumbani. Upo mkataba wa mataifa juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, nao umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu wengi waliumia na kufa kwa kula samaki wenye zebaki. Mwaka 2023 nchi za mkataba huo zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Lakini vya magendo havisomi mikataba.

Kitu cha pili ni hidrokwinoni. Kutumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuifanya ngozi iwe ya rangi ya bluu na nyeusi, yaani kinyume cha alichotafuta mpakaji, na doa hilo ni gumu sana kuondoka. Cha tatu ni dawa za steroidi, kama ile iitwayo klobetasoli. Hizo ni dawa za hospitali kwa magonjwa maalum ya ngozi. Ukizifanya mafuta ya kila siku, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, na chunusi huongezeka.

Basi shika sheria hizi. Usinunue kikopo kisicho na jina la aliyekitengeneza na tarehe. Usinunue poda iliyopimwa kwa kijiko toka kopo kubwa. Ukiona maneno 'mercury', 'calomel', 'hydroquinone' au 'clobetasol', rudisha. Nchini Tanzania, tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na wenye mashaka na bidhaa waweza kulipelekea habari. Na madoa ya chunusi yasipotoka, nenda zahanati. Chunusi ni ugonjwa unaotibika. Usiubonyeze kwa kucha, maana katika ngozi nyeusi kila kovu huacha alama.

MAMBO MADOGO YENYE FAIDA

Sponji na kifuto cha poda ni kama mswaki: kila mtu na chake. Siku ya arusi huwa tunaona sponji moja ikipita nyuso sita. Yaweza kupeleka chunusi na magonjwa ya ngozi na ya macho toka mmoja hadi mwingine. Osha sponji yako kwa sabuni walau kila juma na uianike ikauke kabisa.

Nyuma ya kikopo tafuta picha ya kopo lililofunguliwa, lenye namba na herufi M. Ikiandikwa 12M, maana yake itumike miezi 12 baada ya kufunguliwa. Usiweke chupa dirishani penye jua. Ikibadilika harufu, itupe.

Kabla ya kutumia kitu kipya, paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, uache siku nzima. Ikiwasha au kuvimba, usikipeleke usoni. Na bibi arusi ajaribu vitu vyake majuma mawili kabla, si asubuhi ya arusi. Ajipake, afanye kazi zake saa tatu nne, aone jasho litafanya nini. Haraka haraka haina baraka.

Nanyi akina baba mnaocheka pembeni, sikilizeni. Binti akiomba fedha ya kitu hiki, msimpe nusu ya bei ili anunue cha barabarani. Kama fedha ni kidogo, afadhali anunue kitu kimoja tu kilicho chema: poda ya kijaluba ya rangi yake, bila faundesheni. Hiyo peke yake juu ya uso ulionawiwa yatosha kabisa kwa misa ya Jumapili na hata kwa arusi. Kama hana fedha kabisa, leso safi ya kukausha mafuta haina deni wala sumu.

Mama, ukimaliza kusoma, kata ukurasa huu umpe binti yako auweke mkobani. Siku ya kwenda mjini, kabla hajafungua pochi dukani, aufungue huu kwanza.